Kupokea Motokari Mpya: Macho Kwanza, Sahihi Baadaye

Wahenga walisema: Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Maana yake, kitu kipya hupendeza hata kama ndani yake mna maumivu. Methali hiyo yafaa ikumbukwe na kila mtu aendaye kupokea motokari mpya. Miaka mingi ameweka akiba. Pengine ndugu zake wamemsaidia, pengine ameingia deni. Siku ikifika, mke na watoto wamevaa nguo nzuri, majirani wanangoja njiani, na rangi ya motokari inang'aa kama maji ya ziwa asubuhi. Katika furaha hiyo, ni nani atakayekumbuka kuinama na kutazama chini ya mashini? Hupewa ufunguo, hutia sahihi, huondoka. Kesho yake huona mlango mmoja haufungi sawasawa, na mkwaruzo mrefu umefichwa na vumbi. Akirudi kwa muuzaji, huulizwa swali moja tu: «Mbona jana hukusema?»

Wasomaji wapenzi, neno letu la leo ni fupi. Saa moja iliyo kati ya kuonyeshwa motokari na kutia sahihi ni saa yenye thamani kuliko zote katika biashara hiyo. Kabla ya sahihi, kasoro iliyoonekana ni mzigo wa muuzaji. Baada ya sahihi, kasoro ile ile huwa mzigo wa mnunuzi. Kwa hiyo yafaa tujue namna ya kuitumia saa hiyo.

Sheria yasema nini

Wako watu waonao haya kukagua. Hudhani ya kuwa kuinama, kugonga na kuuliza ni kumdharau muuzaji, kana kwamba wamemwita mwizi. Sivyo hata kidogo. Sheria yenyewe yamtazamia mnunuzi kuwa mtu mwenye macho.

Katika Kongo, mambo ya kuuza na kununua yameandikwa katika amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano. Amri hiyo yafuata njia ya kitabu cha sheria cha Ufaransa cha mwaka 1804, nayo yagawa kasoro za kitu kilichouzwa katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni kasoro zilizofichika, yaani zile zinazokifanya kitu kisifae kwa kazi yake, au zinazokipunguzia kufaa kiasi kwamba mnunuzi, kama angalizijua, asingalinunua, au angalitoa bei ndogo zaidi. Kwa kasoro hizo muuzaji hana budi kujibu, hata kama yeye mwenyewe hakuzijua, isipokuwa kama wamepatana vingine. Mnunuzi aweza kurudisha kitu na kurudishiwa bei yake, au kukishika kitu na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini sherti adai upesi, asilale.

Fungu la pili ni kasoro zilizo wazi, ambazo mnunuzi angaliweza kuziona mwenyewe. Kwa hizo muuzaji hajibu. Kioo kilichopasuka, mlango uliobonyea, mpira wa gurudumu uliokatika ubavuni: ukivipokea bila neno, umekubali vilivyo.

Basi, ndugu msomaji, angalia vema tofauti hiyo. Kasoro isiyoweza kuonekana hulindwa na sheria; kasoro iwezayo kuonekana hulindwa na macho yako tu. Hata kitabu cha dhamana apewacho mnunuzi hufanana na sheria katika jambo hilo: kwa kawaida chaahidi kutengeneza makosa yaliyotoka kiwandani, lakini hakisemi neno juu ya mikwaruzo na mibonyeo iliyopatikana njiani.

Kitu kipya hupataje kasoro?

Mtu atauliza: ikiwa motokari ni mpya, kasoro zatoka wapi? Zatoka mahali pawili: kiwandani na njiani.

Watengenezaji wenyewe hawasemi kwamba kazi yao haina makosa. Huko Japani alikuwako mtu aitwaye Sakichi Toyoda, aliyetengeneza mitambo ya kufumia nguo. Mwaka 1924 alikamilisha mtambo uliojisimamisha wenyewe mara uzi ulipokatika, ili usiendelee kufuma nguo mbovu. Mwanawe, Kiichiro Toyoda, ndiye aliyeanzisha kampuni ya motokari ya Toyota mwaka 1937, na wazo lile la baba likaingia katika viwanda vya mwana. Humo mfanyakazi aonaye kosa huvuta kamba kumwita mkubwa wake; kosa lisipoondolewa mara moja, kazi yote ya mstari ule husimama. Kama mafundi wenye ujuzi mwingi namna hiyo wameona lazima ya kuweka kamba ya kusimamisha kazi, ni kwa sababu wanajua ya kwamba makosa hayakosekani. Nawe mnunuzi ndiwe wa mwisho katika mstari huo. Kalamu uliyoshika mkononi ndiyo kamba yako: usipoivuta wewe, hakuna mwingine atakayeivuta.

Njia nayo huharibu. Tuseme motokari yatoka Japani kwenda Lubumbashi. Kwanza yapanda meli kubwa zenye milango, ambamo motokari huingizwa zikiendeshwa kwa magurudumu yake, kisha hufungwa kwa kamba sakafuni, moja karibu na moja. Baada ya majuma mengi baharini yashushwa Dar es Salaam, yangoja katika uwanja wa bandari, juani na mvuani. Kisha yapakiwa juu ya lori, au yaendeshwa na dereva wa kukodi, kupita Morogoro, Iringa na Mbeya hata Tunduma. Yavuka mpaka kuingia Zambia, yapita Mpika na Kapiri Mposhi, hata kufika Kasumbalesa. Safari hiyo ya nchi kavu ni yapata kilometa 2,000. Njiani mna mawe, na vumbi, na malori yapitanayo kwa nguvu. Penye kungoja sana, betri huchoka, panya hutafuna nyaya, na mipira ya magurudumu iliyosimama mahali pamoja hulemaa. Tena vitu vidogo, kama jeki, spana na ufunguo wa pili, vina miguu ya ajabu: huondoka bila kumwaga mtu.

Kabla ya kwenda

Nenda mchana, si jioni. Giza na taa za dukani huficha mikunjo ya bati. Mvua ikinyesha, ngoja ikome na motokari ipanguswe, kwa maana matone ya maji yafunika mikwaruzo kama vile poda ifunikavyo makovu ya uso. Ukikuta motokari imejaa vumbi, omba kwa adabu ioshwe kwanza.

Usiende peke yako. Kama una ndugu au rafiki aliye fundi, mchukue. Tunda la shukrani utakalompa ni dogo kuliko hasara atakayokuepusha. Mchukue pia mtoto wako asomaye shuleni. Mwandikie orodha ya mambo yote ya kukagua, naye aisome kwa sauti moja moja na kutia alama mbele ya kila jambo lililokwisha. Mtoto hana haya ya kusema: «Baba, hili bado.» Na mama wa nyumba, mwenye kuzoea kuchagua kitambaa sokoni na kuona uzi mmoja uliopotoka, mara nyingi ana jicho kali kuliko bwana wake. Mwachie azunguke na kutazama.

Chukua kalamu, daftari, tochi ndogo, kitambaa cheupe, na karatasi ya mapatano uliyoandikiana na muuzaji siku ya kuagiza. Karatasi hiyo ni ya lazima, kwani bila hiyo hutaweza kujua kama uliyoletewa ndiyo uliyonunua.

Jina la motokari

Anza na jina. Kila motokari ina namba yake iliyopigwa katika shasi, yaani kiunzi cha chuma kibebacho mwili wote. Kwa motokari za siku hizi namba hiyo mara nyingi ina tarakimu na herufi 17, nayo haitumii kamwe herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na moja na sifuri. Huonekana pia katika kibati kidogo mlangoni au karibu na mashini, na mara nyingi chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Isome mahali pote ilipo, kisha uilinganishe, herufi kwa herufi, na namba iliyoandikwa katika faktira na katika karatasi za forodha. Herufi moja ikitofautiana, usipokee. Motokari yenye jina jingine kuliko hati zake ni kama mtoto aliyeandikwa kwa jina la jirani: siku ya shida hutaweza kuonyesha kwamba ni wako.

Kisha tazama saa ya kilometa. Motokari mpya iliyobebwa juu ya lori huwa na kilometa chache tu, zile za kiwandani na za bandarini. Ukikuta 2,000, ujue ya kuwa imekuja kwa magurudumu yake. Hilo si kosa kama uliambiwa na mkapatana bei. Lakini kama uliahidiwa motokari isiyoendeshwa, hapo pana neno la kuzungumza.

Nje

Simama hatua kumi mbali, uitazame mbele, nyuma na ubavuni. Je, imesimama sawa, au imeinama upande mmoja? Kisha karibia, chuchumaa karibu na taa ya nyuma, upeleke macho yako kufuata ubavu wote hata taa ya mbele. Ukitazama hivyo, bati lililobonyea laonekana mara moja, kwani mwanga hauteremki sawa juu yake.

Tazama nafasi kati ya milango na mwili, na kati ya kifuniko cha mashini na mabati ya pembeni. Kulia na kushoto nafasi hizo zapasa kulingana. Ikiwa upande mmoja kidole chaingia na upande mwingine ukucha tu, uliza sababu. Angalia pia kama rangi imerukia juu ya mpira wa dirisha au juu ya taa, na kama vichwa vya parafujo za milango vimekwaruzwa na spana. Hizo ni dalili kwamba fundi mwingine amekwisha kufanya kazi hapo baada ya kiwanda, na kwamba jeraha limefunikwa. Soma alama ndogo zilizo pembeni ya kila kioo. Kama kimoja ni cha mtengenezaji mwingine, yawezekana cha kwanza kilivunjika.

Fungua na ufunge kila mlango, na kifuniko cha mashini, na mlango wa mizigo. Usikubali kuambiwa kwamba milango yote minne ni sawa kwa sababu mmoja ni mzuri.

Magurudumu

Juu ya ubavu wa kila mpira, yaani tairi, pana tarakimu nne ndani ya duara ndogo ndefu. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano 1224 ni juma la 12 la mwaka 2024. Desturi hiyo ilianza mwaka 2000. Kama motokari ni ya mwaka huu na mpira una miaka mitano, mtu amebadilisha. Mipira yote minne iwe ya namna moja, isiyokatika wala kuvimba ubavuni. Mpira mpya una mifereji yenye kina cha milimita saba au nane hivi. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6: mpira ukila mpaka hapo, umekwisha.

Omba kipimo cha upepo. Wakati wa safari ya baharini mipira hujazwa mara nyingi kupita kiasi ili isilemae. Asiyeipunguza ataendesha motokari irukayo kama mbuzi, na breki zake hazitashika vema. Kiasi kilicho sawa kimeandikwa katika karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usisahau gurudumu la akiba. Litoe, litazame, lipime.

Mashini

Mashini itazamwe ikiwa baridi. Tandika boksi safi la karatasi au gazeti chini yake, uliache hapo wakati ukikagua mambo mengine. Baada ya nusu saa tazama: tone la mafuta au la maji ya rangi ni kasoro. Lakini maji safi kabisa yakianguka baada ya kufungua chombo cha hewa baridi, hayo hayana ubaya.

Vuta kijiti cha mafuta, upanguse kwa kitambaa cheupe, ukitie tena na kukivuta: mafuta yawe kati ya alama mbili. Tazama chupa ya maji ya redieta na chupa ndogo ya mafuta ya breki. Vyote vina alama za chini na za juu. Usifungue redieta ikiwa moto, kwani maji yake huruka na kuunguza uso. Pitisha tochi juu ya nyaya na mipira ya maji, utafute alama za meno ya panya na mavi yao. Fundi mwenye kipimo cha umeme aipime betri: iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12 au chini yake, imekaa mno bila kutunzwa, naye muuzaji aijaze au aibadilishe.

Ndani

Keti mahali pa dereva, uwashe umeme bila kuamsha mashini. Taa nyingi nyekundu na za manjano zitawaka mbele yako, na mashini ikiisha kuamka zitazimika. Taa isiyozimika yaonya. Lakini iko hila nyingine ambayo wengi hawaijui: taa isiyowaka kabisa nayo yaonya. Taa ya mifuko ya hewa, ile ivimbayo kuwalinda watu wakati wa ajali, ikiwa haiwaki hata kidogo mwanzoni, yawezekana mtu ameizima asitake uone kosa.

Vuta kila ukanda wa usalama kwa ghafula: lazima ukaze na kukataa. Ukanda huo ushikao bega na kiuno ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo ya Uswidi, mwaka 1959, na kampuni ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Umeokoa watu wengi sana. Kwa hiyo usiupite kwa haraka, hata ule wa kiti cha nyuma watakapokaa watoto. Kisha jaribu vyote: madirisha, viti, vifutio vya kioo, honi, hewa baridi, kufuli za milango kwa funguo zote mbili.

Taa za upande wetu

Hapa pana jambo liwahusulo hasa watu wa Kongo. Katika Kongo twaendesha upande wa kulia wa barabara, kama vile Rwanda na Burundi. Katika Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Japani huendesha upande wa kushoto. Tofauti hiyo haiko katika usukani tu, iko katika taa pia. Taa za mbele zikiinamishwa, zimefanywa ziangaze zaidi ukingo wa barabara na zisiwapige machoni watu wanaokuja. Taa zilizotengenezwa kwa nchi za kushoto, zikitumiwa kwetu, huinua mwanga wake upande wa kushoto, yaani machoni mwa dereva ajaye, na kuuacha gizani ukingo wa kulia wapitamo watu wa miguu na wenye baiskeli.

Kupima si kazi ngumu. Simamisha motokari mbele ya ukuta mahali penye kivuli, mita tano hivi, uwashe taa na kuziinamisha. Mwanga ukipanda upande wa kulia, taa ni za kwetu. Ukipanda upande wa kushoto, taa si za kwetu, nawe useme kabla ya kutia sahihi. Baada ya hapo rafiki yako asimame nyuma, akuambie kama taa za breki, za kurudi nyuma na za kuonyesha upande zote zawaka.

Safari fupi

Usipokee motokari ambayo hujaiendesha, hata kama ni kuzunguka mtaa mmoja. Mahali palipo sawa na pasipo na watu, shika usukani kwa wepesi: motokari iende sawa bila kuvuta upande. Usukani nao uwe sawa, usiwe umepinda wakati magurudumu yanyoka. Piga breki polepole, kisha kwa nguvu zaidi. Isiende kombo wala kutetemeka. Ijaribu breki ya mkono mlimani. Badilisha gia zote, na ya nyuma pia. Zima redio, usikilize. Mashini mpya hunguruma kwa sauti moja. Kelele ya chuma kwa chuma haina udhuru.

Kalamu

Sasa mmerudi. Muuzaji aleta karatasi, naye asema kwa upole: «Baba, tia sahihi hapa tu. Huo mkwaruzo na ile jeki tutavitengeneza kesho.» Wala hasemi uongo, pengine ana nia njema kabisa. Lakini kesho yaweza kuwa na muuzaji mwingine, nayo karatasi itasema kwamba ulipokea kila kitu katika hali njema. Mjibu kwa upole uo huo: «Asante, Bwana. Basi tuyaandike hapa hayo ya kesho.» Mali bila daftari huisha bila habari.

Katika karatasi ile ile ya kupokea, andika kila kasoro kwa maneno wazi: ni nini, iko wapi, ina urefu gani. Usiandike «mikwaruzo kidogo». Andika «mkwaruzo wa sentimita 20 katika mlango wa nyuma wa kushoto». Andika tarehe na saa, na kilometa, na siku ambayo muuzaji ameahidi kutengeneza. Wote wawili mtie sahihi, nawe uchukue nakala moja. Piga picha kwa simu yako. Kama kasoro ni kubwa, yaani breki, usukani, namba ya shasi au dalili za ajali, usitie sahihi kabisa, wala usitoe sehemu ya mwisho ya fedha. Kurudi nyumbani kwa miguu siku moja si aibu. Majirani wakicheka, watacheka siku moja. Motokari mbovu ingekuliza miaka.

Yale macho yasiyoyaona

Tusidanganyane: yako makosa ambayo hata fundi mwenye tochi hawezi kuyaona. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa kwa viwanda vingi vya motokari. Baruti iliyo ndani ya vyombo vya kuivimbisha iliharibika polepole kwa joto na unyevu, na siku ya ajali chombo chaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Watu walikufa. Katika Marekani peke yake vyombo zaidi ya milioni 60 viliitwa virudishwe, na mwezi wa Juni 2017 kampuni ile ikafilisika. Nchi zenye joto na unyevu ndizo zilizo katika hatari zaidi.

Hiyo ndiyo kasoro iliyofichika. Kinga yake ni namba ile ya tarakimu na herufi 17. Iandike katika daftari la nyumbani. Kwa namba hiyo waweza kumwuliza mwakilishi wa kiwanda, au kutazama kwa simu katika ukurasa wa kiwanda, kama motokari yako imeitwa irudishwe kutengenezwa. Fanya hivyo siku ya kupokea, kisha mara moja kila mwaka. Kubadilisha kitu kilichoitwa na kiwanda kwa kawaida hakulipishwi.

Siku za kwanza nazo ni sehemu ya ukaguzi. Kwa kilometa 1,000 za mwanzo usiikamue mashini, wala usivute mzigo mzito, bali ufuate kitabu chake. Kama magurudumu yalitolewa, kaza tena nati zake baada ya kilometa 100 hivi. Kila asubuhi tazama chini kama pana tone. Ukiona kosa, mwandikie muuzaji barua siku ile ile, ukishike kivuli chake. Kwani sheria imlindayo mnunuzi wa kasoro zilizofichika haimngoji mvivu.

Ninyi vijana wa shule, siku moja wazazi wenu watawaita mwende nao kupokea motokari, au baiskeli, au cherehani, au bati za nyumba. Maana mambo haya si ya motokari tu. Kila kitu kipya kina mlango wake wa kuingilia nyumbani, na mlango huo ni karatasi ya kupokea. Shikeni orodha, msome kwa sauti, wala msiruke mstari hata mmoja kwa sababu wakubwa wana haraka. Na wewe, baba, mtoto akisema «hili bado», weka kalamu chini, uiname, utazame.